Wifi Yangu na Dubu wa Kwanza

Kaka yangu Verlin alivunjika mguu wiki moja kabla msimu wa kuwinda dubu haujafunguliwa. Alipanda kwenye paa kukwangua theluji, theluji ikashuka, naye akashuka nayo. Mkewe, Joette, alimkuta amekaa juu ya lundo kama mtu anayesubiri chai.

"Usipige simu hospitali kwanza," Verlin akamwambia. "Acha nifikirie habari ya dubu."

Friji lao la nyama lilikuwa limebaki na barafu na njegere tu. Joette hakuwa amewahi kuwinda hata sungura, lakini alisema, "Nitakwenda mimi." Akafanya mtihani ambao kila mwindaji wa dubu lazima aufanye, wa kutofautisha dubu mweusi na yule mwenye nundu, ambaye hapa kwetu Montana ukimpiga unaishia mahakamani. Hakukosa hata swali moja. Verlin aliufeli mara mbili kabla ya kupita, na jambo hilo huwa halizungumzwi nyumbani kwao.

Mimi nilikwenda kumsaidia mizigo. Verlin naye akakataa katakata kubaki nyumbani. Akasema atakaa bondeni ndani ya pikapu, mguu wenye plasta kaunyoosha kwenye kiti, macho kwenye darubini, na sisi tukiwa mlimani atatuonyesha alipo dubu kwa taulo jekundu la jikoni. Likienda kulia, dubu yuko kulia. Likienda juu, yuko juu. Likizungushwa, tulale chini tusipumue.

Siku ya kwanza lilizungushwa. Tukalala. Tukatambaa kwa matumbo kwenye theluji iliyolainika kwa kuyeyuka, maji yakiingia shingoni na kutokea kiunoni. Joette akainua kichwa taratibu.

"Wifi," akaninong'oneza, "kile ni kisiki."

"Una hakika?"

"Kina ndege juu yake."

Tuliporudi garini Verlin alisema kwa mbali kilikuwa na masikio.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Barabara ya juu ilikuwa bado imefungwa na theluji, ya chini ilikuwa tope tupu. Mchana tunazama mpaka magotini, jioni tunatoana kupe kama nyani. Mara moja tulimwona dubu wa kweli akila majani machanga, Joette akamtazama kwa darubini, akaona nundu, akanishika mkono tukarudi kinyumenyume mpaka tukafika garini.

"Mbona hamkupiga?" Verlin akafoka.

"Piga wewe," Joette akamjibu. "Nikuletee chakula jela."

Basi, Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kwenye mteremko tukila mkate, nikaona taulo. Lilikwenda kulia. Likaenda kushoto. Likaenda juu, likazunguka, likapotea, likatokea dirisha la pili.

"Anasemaje huyu?" nikauliza.

"Anasema dubu wako kila mahali."

Tukapanda. Tukafika penye theluji ya kiunoni, tumeishiwa pumzi, na taulo bado linacheza. Ndipo Joette akaelekeza darubini chini kwenye gari lenyewe. Kisha akanipa nami nitazame.

Dubu mweusi, mkubwa, alikuwa amesimama kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu, nyuma ya kichwa cha kaka yangu, akila chakula chetu cha mchana. Kati yao kulikuwa na kioo tu. Honi ikalia. Dubu akageuka, akatazama, akaendelea na soseji.

"Siwezi kupiga," Joette akasema. "Verlin yuko palepale."

"Wazo halijakupitia hata kidogo?"

"Wifi, acha."

Tulishuka mbiombio, tukianguka na kuinuka. Tulipofika karibu, dubu alikuwa ameshamaliza pai ya tufaha na kulamba sahani. Akashuka, akavuka barabara, akaanza kupanda upande wa pili penye majani mapya, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Verlin akateremsha kioo. "Piga! Unangoja nini? Piga!"

"Nyamaza, bwana!"

Joette alipiga goti mbali na barabara. Alingoja. Nilijua anangoja nini: kama kuna watoto wanaomfuata, hapigi. Hakutokea mtoto. Dubu akasimama akituonyesha ubavu. Risasi ikalia, naye akaanguka papo hapo, akaanza kubiringika, akapita vichaka, akapita mawe, akatumbukia chubwi kwenye kijito kilichopita kando ya barabara.

Verlin alipiga kelele za furaha. Joette hakupiga. Alikwenda akachuchumaa ukingoni, akaweka mkono kwenye manyoya yale, nami nikampokea bunduki. "Ana joto bado," akaniambia. Nilimwacha hapo kwa muda. Verlin naye akashuka garini, akaanza kujikongoja kuja kwetu.

Kumtoa majini ndiyo ilikuwa kazi. Maji yale yalikuwa theluji jana yake. Sisi wawili tumo ndani mpaka mapajani, dubu anateleza kama sabuni, na kaka yangu ukingoni anatuongoza kwa mkongojo.

"Mvuteni miguu! Siyo hiyo, ya mbele! Nedra, unasukuma au unamkumbatia?"

"Verlin," Joette akasema, meno yakigongana, "neno moja zaidi na utarudi nyumbani kwa miguu. Huo mmoja ulio nao."

Tulimchuna palepale, tukapakia nyama giza lilipokuwa linaingia. Nyumbani nilichemsha kipande kwa viazi na vitunguu, muda mrefu kama inavyotakiwa kwa nyama ya dubu. Verlin aliongeza sahani mara mbili, akaanza kunieleza jinsi alivyomvutia dubu kwa makusudi. Nilimgeukia Joette nione atamjibu nini. Alikuwa amelala amekaa, uma mkononi, kipande cha nyama hakijafika mdomoni.

Verlin akakatiza hadithi. Akajivuta na mkongojo wake, akainama kwa shida, akaanza kumfungua mkewe kamba za viatu.

"Nisaidie huu wa pili," akaninong'oneza. "Usimwamshe."