Kitanda cha Senti Moja

Pale ghubani kwao, Newfoundland, mtu au kitu chenye nuksi kiliitwa jinka, na neno hilo likishakugusa halitoki hata ujisugue kwa mchanga. Mashua iliyoitwa jinka ilioza ufukweni na rangi yake mpya. Tryphena alilijua hilo kuliko wote. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na katika viungo vyake vyote ni ulimi tu ambao haukuwahi kuumwa.

Alichokitaka kilikuwa kitanda cha kubembea cha mtoto mchanga. Baba yake alikichonga kwa mbao za meli iliyovunjika, na Tryphena mwenyewe alilala humo. Mzee alipokufa, kitanda kilibaki kwenye nyumba yake kubwa, kwa Keturah, mjane wa kaka yake Eli, aliyekijaza sufu ya kufuma. Sasa Effie, mke wa Garland, mwana wa Tryphena, alikuwa na mimba ya miezi saba. Bibi alitaka mjukuu wake wa kwanza alale alipolala yeye. Basi, hilo tu.

Aliomba wakiwa kwenye uchanja, wanawake wote wakigeuza samaki wa chumvi juani.

"Wifi, kile kitanda cha baba nipe. Mtoto anakuja."

"Kilikuja na nyumba, na nyumba ni yangu," Keturah alisema. "Kwani Garland hana mikono, au ni ya kushikia kikombe tu?"

Wakacheka wote. Tryphena akageuza samaki watatu, polepole.

"Kaa nacho. Kwanza ni jinka."

Mikono ikasimama.

"Hesabuni wenyewe. Tumelala humo watatu. Eli, bahari ikamchukua. Mtoto wa Eli, koo likamziba hata mwaka hajafikisha. Wa tatu ni mimi, na hali yangu mnaiona."

Wakacheka tena, ila kicheko kiliishia njiani. Mtoto wa Eli ndiye mtoto pekee ambaye Keturah aliwahi kumzaa. Keturah hakuinua uso. Aliendelea kugeuza samaki yule yule, huku na huku.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia nyumba kubwa kunywa chai. Ada wa jirani aliishia mlangoni, akakumbuka ameacha mkate jikoni. Siku ya tisa Keturah alikileta kitanda mwenyewe kwenye toroli.

"Toa senti."

"Ya nini, wifi?"

"Usijitie mjinga."

Kitu cha jinka hakitolewi bure. Kikilipiwa, nuksi humwendea mnunuzi; bila kulipiwa humrudia aliyekitoa. Tryphena alikuwa karibu kucheka kwa furaha. Akachomoa senti moja kwenye aproni, akaiweka kiganjani mwa Keturah, Ada akichungulia kutoka uani.

Alikifuta, akakipaka mafuta, akatandika shuka. Effie alipokiona alirudi nyuma, tumbo amelikumbatia.

"Mama, hicho kitoke."

"Ni cha babu yenu, mwanangu."

"Ni jinka. Ghuba nzima inajua."

"Inajua kwa sababu nililisema mimi! Nilitunga, Effie. Nilitaka anipe."

"Kila anayetaka kumwachia mwenzake nuksi husema ametunga."

"Mimi nikuachie nuksi wewe? Na huyo wa Garland tumboni?"

Effie alimtazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Kama ulitunga, Mama, mbona ulitoa senti? Ada alikuona."

Tryphena aliitandua ile shuka, akaikunja pembe kwa pembe. 

Mtoto alizaliwa Septemba, wa kike, akalazwa kwenye droo ya kabati. Keturah alikuja kumwona. Alileta soksi za sufu ile ile, akaketi, akambeba mtoto muda mrefu. Kwa Tryphena hakugeuza hata uso.

Kitanda kilipelekwa kibandani, kikatiwa viazi. Kufika Machi viazi vilikwisha. Tryphena alipoinama kuchukua cha mwisho, goti lake likagusa kitanda, nacho kikaanza kubembea, kitupu, taratibu, kama alivyokibembeza mama yake.

"Mbao tu hizi," alisema kwa sauti. "Mbao na ulimi wangu."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshakidaka na kukibana kisitikisike, na hakuthubutu kukiachia mpaka alipokijaza kuni.