Kengele ya Bwana Shamba

Jumapili ile walifika saa saba kasorobo, moja kwa moja kutoka kanisani, Gladwell akiwa bado na Biblia kwapani. Walikuwa wanne: yeye, mumewe Kaimenyi, mtoto wao Mwenda, na mke wa Mwenda, Karambu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Nyumba ya Bwana Shamba, mzungu aliyesimamia kilimo cha Meru enzi za ukoloni, ilikuwa imekarabatiwa ikawa hoteli ya watu wanaojiweza, mahali ambapo hata maji huja na limau. Mwenda ndiye aliyetaka waje. Babu mzaa baba wa Kaimenyi, ambaye naye aliitwa Kaimenyi, alikuwa boi wa mezani humo. Mwaka wa Hali ya Hatari alikwenda kazini asubuhi moja, hakurudi, na hakuna aliyejisumbua kuieleza familia alikopelekwa. Mwenda aliona kuketi humo na kuagiza kuku ni kisasi tosha.

Sakafu ya mbao ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Kwenye rafu juu ya meko palikuwa na kengele ndogo ya shaba, na ukutani picha yenye maandishi chini yake: jina la Bwana Shamba, jina la mkewe, jina la mbwa wao, "na watumishi wanne".

"Kumbe mbwa ana jina," Kaimenyi alisema. Alikuwa daktari wa ng'ombe kule Ruiri, mtu wa maringo kidogo, ambaye hakuwahi kumwita mtu yeyote bwana, hata chifu.

Walikuwa wameletewa maji wakati kengele ilipolia. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Kaimenyi akasimama.

"Naam, bwana," alisema, kwa sauti ambayo Gladwell hakuwahi kuisikia katika miaka thelathini na moja ya ndoa.

Alivua viatu, akavipanga chini ya kiti, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa amevaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, amebeba bakuli la supu ya malenge. Alimpakulia Gladwell kutoka upande wa kushoto. Mkono ulikuwa uleule, wenye kidole gumba kilichokanyagwa na fahali, na haukumwaga hata tone.

"Baba Mwenda," Gladwell alimwita.

"Memsaab," akajibu, bila kumtazama.

Gladwell alimwita mhudumu, kijana mtaratibu aliyejiita Vincent, akamuuliza mume wake amefanywa nini.

"Ni ntagu wa mtu alifanya kazi hapa, sio?" Vincent aliuliza. Ntagu, kwao, ni mtu mliyepewa naye jina moja. "Basi ndiyo hivyo, mama. Hiyo kengele inaita jina. Kuna mama wa Muthara, ntagu wa yaya, aliitwa mwezi wa nne. Ako huko juu anakunja mashuka."

"Atarudi nyumbani lini?"

"Mpaka mwenye alimwita aseme inatosha."

"Na mwenye alimwita ako wapi?"

"Alikufa kitambo. Huko kwao." Vincent alipangusa kona ya meza. "Kuku mtakula na mukimo ama na wali?"

Walikula na mukimo. Gladwell alimaliza yote, kwa kuwa aliogopa sahani ikirudi jikoni na chakula mumewe ataadhibiwa.

Walirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. Jedidah, meneja, aliwawekea meza ileile karibu na mlango wa jikoni, akawa mwema kwao. Gladwell alipoomba jina la Kaimenyi liandikwe chini ya picha, japo kwa kalamu ya risasi, Jedidah alimweleza kwa upole kwamba picha ni ya historia na haiguswi.

Hilo Gladwell alilimeza. Lililomtia hofu ni tumbo la Karambu. Mashine ya hospitali ilionyesha mtoto wa kiume, na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndivyo Kaimenyi alivyopata lake, na Mwenda lake.

"Mpeni jina lingine," alimwambia Mwenda mezani. "Mwite Fabian. Mwite chochote. Nawaomba."

"Mama, si tutakuwa tumemfuta mzee?"

"Heri afutwe." Alipokwisha kusema hivyo alilia, maana mzee mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa mkononi, akingoja amalize supu.

"Sawa," Mwenda akasema. "Atakuwa Fabian."

Kengele ikalia.

"Naam, bwana," Kaimenyi akaitika. Karambu alishika ukingo wa meza.

"Uui, Mama, amegeuka. Ni kama anataka kusimama."

Gladwell aliweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, akakaza kama anayezuia mlango. Tangu mimba ionekane alikuwa akimwita mtoto vile nyanya humwita mjukuu atakayechukua jina la mumewe, na kwa hofu halikumjia jina lingine.

"Usiitike, mume wangu," alisema. "Usiitike."

Mlangoni mwa jikoni Kaimenyi alisimama. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe akamtazama Gladwell usoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka amesahau nini nyumbani. Kengele ikalia mara ya pili. Kaimenyi akaingia jikoni, na chini ya viganja vya Gladwell mguu mdogo ukapiga teke, mara moja.

Vincent alikuja kuondoa bilauri. Aliuliza kwa heshima mtoto anatarajiwa mwezi gani, ili wamwambie fundi wa kanzu mapema.