Maneno ya Wanza Yalivyoisha

Jackie, mpimaji wa masikio, aligonga ngoma nyuma ya kichwa cha mwanangu, na mimi ndiye niliyeshtuka. Wanza, niliyekuwa nimempakata, hakugeuka. Alikuwa akichezea kifungo cha sweta yangu. Ngoma ikagongwa tena, kwa nguvu zaidi, hadi mtoto mwingine aliyekuwa akingoja nje akaangua kilio. Wanza akaendelea na kifungo chake.

"Mama, usimguse," Jackie aliniambia. "Acha ageuke mwenyewe."

Sikujua kwamba mkono wangu ulikuwa ukimsukuma bega.

Tulikuwa tumetoka kwetu Mashimoni asubuhi, mimi na yeye, hadi kliniki hiyo ndogo ya Kawangware, kwa sababu jirani yangu Akoth alisikia kuna mtu pale anayepima watoto. Nyumbani tulikuwa tukisema Wanza amepona. Homa ya uti wa mgongo ilimpinda shingo wakati wa mvua za Aprili, tukakesha naye wodini, na siku alipofumbua macho akasema "maji", baba yake, Mutunga, alitoka nje akalia kwa furaha. Hakuna aliyetuambia kwamba homa ikiondoka inaweza kuondoka na kitu.

Jackie alinieleza polepole. Ugonjwa ulikuwa umeharibu sehemu ya ndani kabisa ya sikio, na hakuna dawa ya kuirudisha. Vifaa vya kusikia huenda vingesaidia kidogo, huenda visisaidie. Kuna upasuaji, akasema, lakini ni wa pesa nyingi mno.

"Lakini anaongea," nilimwambia. "Anasema maji. Anasema baba. Jirani yetu anamwita Ako."

Aliinamisha macho. "Anakumbuka, mama. Asiposikia, atasahau."

Sijawahi kutamani mtu awe mwongo kama nilivyotamani siku ile.

Hakuwa mwongo. Neno "Ako" ndilo lililotangulia kwenda. Akoth akawa anasimama mlangoni na beseni lake la dagaa wa omena, anangoja kuitwa, mwishowe anapita zake. "Baba" likapoteza ba moja. "Maji" likageuka mlio tu, kisha kidole kinachoonyesha jerikeni. Kila jioni Mutunga alimweka mapajani, akamsogezea mdomo sikioni na kumrudishia maneno yake: maji, baba, kuku, nyumba. Wanza alicheka. Pumzi ilikuwa ikimtekenya. Mutunga alidhani kile kicheko ni jibu, nami sikuwa na moyo wa kumtoa hapo.

Kisha ikaja siku ya mkokoteni. Tulikuwa tukiteremka njia ya Makina, Wanza akachomoa mkono wake na kukimbilia kifaranga. Nyuma yetu mkokoteni wa viazi ulikuwa ukija kwa kasi, na kijana aliyeuvuta alikuwa akipaza sauti, "Pisha! Pisha!" Watu wote wakapisha.

"Wanza!" niliita.

Nilijua. Nilijua kabisa, na bado niliita, mdomo ukaitangulia miguu. Nikaita tena. Mgongo wake mdogo ulizidi kwenda, umetulia, kana kwamba njia yote ni yake.

Kijana alijitupa pembeni na mkokoteni wake, ukabamiza ukuta. Gunia likapasuka. Kiazi kimoja kikabingirika hadi kisigino cha Wanza, ndipo akageuka.

"Mathe, huyu mtoi hasikii?" kijana alinifokea, goti likimtoka damu.

Watu walikuwa wamesimama wakinitazama. Hata mamangu kule Kitui nilikuwa nimemwambia tu kwamba masikio yanamsumbua mtoto.

"Hasikii," nilisema.

Hasira ikamwisha usoni. Wanza alikuwa ameokota kiazi kile kwa mikono miwili. Akamletea, akakiweka miguuni pake, akaenda kuleta kingine. Kijana akafungua mdomo amshukuru, kisha akaufunga. Akanigeukia mimi, kama anayeuliza basi aseme vipi.

Nami sikujua.