Mashine ya Michezo ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alichangia stika mbili tu kwenye mashine ile ya michezo, na moja aliibandika kombo. Sanduku nililichonga mimi kwa mbao za kabati bovu, maana useremala ndio kazi yangu. Mke wangu, fundi kompyuta, alichomoa vifaa kwenye kompyuta tatu zilizokufa, akaunganisha vitufe waya kwa waya wiki mbili nzima.

Jumapili mkwe wangu alipokuja kututembelea, shemeji akasimama mbele ya sanduku kama mwenye nyumba.

“Nimeitengeneza mwenyewe, baba,” akasema. “Hawa walinishikia bisibisi tu.”

Kabla mzee hajamaliza mchezo wa kwanza, kioo kikawa cheusi.

“Haya fungua, fundi,” mke wangu akamwambia mdogo wake.

Shemeji akafungua mlango wa nyuma wa sanduku, akazitazama zile waya kama mbuzi aliyeingizwa benki. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, kisha akatangaza kwamba umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

“Kaa chini, mwanangu,” mzee akasema.

Mke wangu akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaifuta, akairudisha. Kioo kikawaka.

“Umeona?” shemeji akamwambia baba yake. “Nilikuwa namwachia dada ajifunze.”

Mke wangu akamtazama. Hata mende, yeye huwatazama kwa adabu zaidi. Akaichomoa tena ile kadi, akaitia mfukoni, akaenda kuchemsha chai.