Mguu wa Kushoto

"Usikohoe, wifi."

"Kwani nikikohoa watanishtaki?" Baukje alitafuna mkate wa sukari, mgongo kaupa upepo. "Masaa matatu tumetupwa kwenye majani haya kama mizigo iliyosahauliwa."

Jicho la Hiltje lilikuwa kwenye kamera ya marehemu mumewe, Wiebe. Hapahapa kisiwani Terschelling ndipo Wiebe alipomfundisha kwamba ndege hawafuatwi. Unakaa, maji ya bahari yanajaa, yanakusogezea ndege wenyewe. Na kweli, walachaza, ndege wa pwani wala chaza, walikuwa wamesongamana mbele yao, weusi kwa weupe, midomo myekundu wameificha mgongoni.

Mmoja alisimama peke yake juu ya jiwe. Juu ya jiwe lile, kila Mei kwa miaka kumi na mmoja, Wiebe alimpiga picha ndege mwenye pete ya njano mguu wa kushoto. Miaka miwili sasa, tangu Wiebe azikwe, hakuna aliyekuja kumtazama. Chama cha kufuatilia ndege kilichomvisha pete kikaleta barua: asipopatikana mwezi huu, ataandikwa amekufa. Hiltje aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaitia ndani ya Biblia, pamoja na ile ya hospitali iliyomhusu Wiebe.

Sasa ndege huyu amelala kwa mguu mmoja. Wa kulia, mtupu. Wa kushoto ameukunja ndani ya manyoya ya tumbo.

"Ndiye?" Baukje aliuliza.

"Sijui. Mpaka aushushe."

Honi ya meli ya kuwarudisha ikalia bandarini. Ilikuwa siku yao ya mwisho kisiwani.

"Piga makofi, Hiltje. Mara moja tu! Ashtuke, uuone mguu, twende zetu."

"Na kama hana pete?"

"Basi utajua, mama wee. Utarudi nyumbani hujui?"

Hiltje akainua mikono. Ikabaki hewani, viganja vikitazamana, baridi ikipita katikati. Wodini kwa Wiebe pia alikuwa na haraka ya kujua. Alimuuliza daktari palepale kitandani, na Wiebe akalisikia jibu.

Akaishusha mikono mapajani.

Baukje akakung'uta makombo, akachukua mabegi yote mawili. "Haya. Chama utakiandikia nini?"

"Kwamba alikuwa amelala."

Maji yakafika kwenye jiwe, yakamlamba ndege kidole. Akarukaruka kwa mguu uleule mmoja, mara moja, mara mbili, akapanda juu kidogo, akauzika tena mdomo mgongoni.