Turubai Letu Siku ya Mchujo

Wanangu wawili waliacha kuongea tangu chama kilipotangaza kwamba Mhandisi na Mwalimu watachuana, na mmoja wao ndiye atakayesimama kugombea urais. Nasema waliacha kuongea, lakini nyumba haikupata utulivu hata kidogo, maana kila walichotaka kuambiana kilipitia kwangu.

"Mama, mwambie mwanao anipe nyundo."

"Mama, mwambie mwanao nyundo iko pale alipoiacha."

Na wote wamekaa kwenye benchi moja, goti kwa goti, wananyoosha vigingi vilivyopinda.

Mkubwa watu wanamwita Nondo, kwa urefu na kwa ugumu wa kichwa. Mdogo ni Redio, na hilo halihitaji maelezo. Nondo alikuwa wa Mhandisi, Redio wa Mwalimu. Chama kimoja, kadi za rangi moja, na bado mkwe wangu, mke wa Nondo, ilimbidi apakue chakula mara mbili kwa sababu mume wake hakutaka kukaa meza moja na mdogo wake.

Kazi yetu ni kukodisha maturubai na viti. Marehemu mume wangu alianza na turubai moja kubwa, akalishona kwa mkono wake kutoka vipande viwili vilivyokutana katikati, mshono mmoja mrefu kutoka ncha hadi ncha. Lina umri mkubwa kuliko Redio, na mpaka leo ndilo linalotulisha. Kulisimamisha kuna utaratibu wake. Mtu mmoja anakaa na kamba upande huu, mwingine upande ule, na wa tatu anaita. Akisema vuta, wote wanavuta. Akisema kaza, wote wanakaza. Hakuna anayevuta peke yake. Mume wangu alikuwa akiita kwa kukohoa tu na watoto wanaelewa. Alipotangulia mbele ya haki, kazi ya kuita ikawa yangu.

Jioni moja Nondo alinikuta nachambua maharage, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, mchujo ukiisha tugawane turubai. Vile ni vipande viwili. Nitafumua ule mshono, nichukue changu, yeye achukue chake, kila mtu atafute maisha. Siwezi kufanya kazi na mtu anayenitukana hadharani."

"Amekutukana nini?"

"Amesema Mhandisi hawezi kujenga hata banda la kuku, na sisi tunaomfuata ndio kuku wenyewe."

Nilikaza midomo nisicheke. "Nusu ya turubai ni shuka, mwanangu. Utamkodisha nani?"

"Nimeshaamua, mama."

Aliyasema kwa sauti ya chini, ndiyo maana nikaamini. Huyu akipiga kelele, mwache, zitapita. Akinong'ona, jiandae. Niliacha maharage, nikaenda kuswali magharibi, na kwenye dua nikalitaja lile turubai bila aibu. Mungu anajua tunakula wapi.

Tawi letu linapiga kura ya mlolongo. Picha za wagombea zinatundikwa kila moja upande wake, kila mwanachama anasimama nyuma ya picha anayoitaka, makarani wanahesabu vichwa. Hakuna siri. Jirani anaona mgongo wa jirani. Katibu wa tawi alikuja kuagiza turubai lisimamishwe kwenye uwanja wa shule, katikati, kati ya picha mbili, likinge meza ya makarani, wazee na wajawazito.

"Lakini Mama Maturubai," alisema, "vijana wako nawasikia. Ikitokea vurugu nitaita watu wengine, na hao ndio nitakaowapa kazi zote mpaka uchaguzi mkuu."

"Vurugu ya nani, katibu? Turubai langu halina kadi ya chama."

Siku yenyewe niliwaambia wanangu wanisubiri, nami nikabaki kwenye geti la shule kusimamia viti vishushwe kutoka kwenye mkokoteni. Hawakunisubiri. Jua lilikuwa limeanza kuchoma mapema, na kila mmoja alikuwa amepiga hesabu zake. Foleni ingechukua muda. Watakaosimama kivulini watasubiri kuhesabiwa, na watakaosimama juani watachomoka mmoja mmoja kwenda kunywa maji wasirudi. Basi Nondo akasogeza vigingi vyake kidogo, kivuli kiende kwa Mhandisi. Redio akaona, akasogeza vyake kwa Mwalimu. Nondo akaona kwamba Redio ameona. Hakuna aliyeita, hakuna aliyesema neno, kila mtu na kamba yake, anavuta kwake.

Mimi niliusikia mwisho tu. Ulikuwa mlio mrefu, kama mtu anachana kanga, ila kanga ya ukubwa wa nyumba. Mshono wa mume wangu ulifunguka kutoka katikati hadi karibu na ncha, na nguzo zikalala.

Kwanza watu walicheka.

"Mhandisi huyo, ameshaanza kujenga."

"Mpelekeeni Mwalimu alisahihishe."

Kisha kicheko kikageuka. Mmoja akasema watu wa Mwalimu wamelichana makusudi ili kura iahirishwe. Mwingine akasema watu wa Mhandisi wanajua wameshindwa. Mashati yakaanza kushikwa. Katibu alikuwa na simu sikioni, na nilijua anamtafuta nani.

Sindano ya turubai haitoki mkobani mwangu, wala uzi wake. Nilipita katikati ya watu, nikavua viatu, nikakaa chini juu ya turubai.

"Weka simu chini, katibu. Makarani wako hawajamaliza hata kupanga meza. Wakimaliza, hili litakuwa juu."

Alinitazama, akatazama uwanja, akaiweka simu mfukoni. Hakuiweka mbali.

Turubai halishonwi na mtu mmoja. Linataka watu wawili walishike likiwa limenyooka, mmoja kila upande wa mpasuko, wavute sawasawa. Mmoja akizidisha, mshono unakunjamana na maji yatapita. Niliwaita wanangu wote wawili.

"Nondo, kaa huku. Redio, kaa kule. Shikeni."

Walikaa wakitazamana, magoti kwenye vumbi, watu wametuzunguka. Nikaanza kushona. Hatukufika mbali.

"Mama, mwambie mwanao asivute sana," akasema Redio.

"Leo simwambii mtu kitu. Mdomo unao, na wewe ndiye Redio."

Watu wakacheka, na wale walioshikana mashati wakaachiana ili wasikie vizuri. Nondo akazidi kuvuta. Mshono ukakunjamana, nikaufumua, nikaanza upya. Ukakunjamana tena, nikaufumua tena, bila haraka na bila kumtazama mtu usoni. Mkwe wangu alileta maji kwenye jagi.

"Mama, nani anakunywa kwanza, Mhandisi au Mwalimu?"

"Anaanza anayeshona."

Nilikunywa, nikafuta mdomo, nikachukua sindano. Jasho lilikuwa linamtiririka Nondo mpaka kidevuni.

"Legeza kidogo," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye turubai, lakini hakuwa anasema na turubai.

"Hapo?" akauliza Redio.

"Zaidi. Hapo. Shikilia hapo hapo."

Kuanzia hapo sindano ilikwenda yenyewe.

Tulilisimamisha kwa utaratibu wake. Mimi niliita, wao walivuta, na lilisimama katikati barabara. Kivuli kiliangukia meza, wazee na wajawazito. Foleni zote mbili zilibaki juani.

"Mama Maturubai, huku tunaungua," mtu akalalamika.

"Na kule wanaungua. Kama mgombea wako hastahili jua la asubuhi moja, kapumzike nyumbani."

Hakuna aliyeondoka. Baada ya maneno hayo nani angethubutu?

Kisha ikawa zamu yangu kuchagua mahali pa kusimama. Akina mama ninaoswali nao walikuwa wananitazama miguu. Nilikuwa nimewasikiliza wagombea wote wawili redioni. Mhandisi anaongea vizuri, sikatai. Ila alipoulizwa kuhusu zahanati zisizo na dawa alijibu kuhusu barabara, na Mwalimu alijibu kuhusu dawa. Mume wangu alifariki akisubiri dawa. Barabara ilikuwepo.

Nilimwendea Nondo kwanza, pale mbele ya foleni yake.

"Baba," nikamwambia, maana amebeba jina la baba yangu na ndivyo ninavyomwita, "mimi nakwenda kule. Nakwambia mwenyewe usije ukasimuliwa."

"Sawa, mama."

Nilipofika kwa Mwalimu, Redio alikuwa ameshafungua mdomo na kuinua mikono.

"Ukisema neno moja," nikamwambia, "nageuka nakwenda kwa Mhandisi."

Akaishusha mikono. Nasikia watu wa foleni hiyo wanasimulia mpaka leo kwamba ndiyo mara pekee Redio alizimwa.

Makarani walihesabu, Katibu akasoma. Kwenye tawi letu Mhandisi alishinda, tena vizuri. Wenzake Nondo walimbeba juu juu. Mimi nilishindwa mchana kweupe, mbele ya majirani, nikakunja kanga yangu na kumwomba Mungu amkumbushe huyo bwana habari za dawa. Katibu alipita akisema wiki ijayo kuna mkutano mwingine, turubai liwepo. Nikamwambia litakuwepo. Nililisema hilo bila kumtazama Nondo, kwa sababu bado sikuwa na hakika litakuwa turubai au mashuka mawili.

Watu walipotawanyika tulilishusha na kulitandaza. Nondo alikuja na kisu chake cha kukatia kamba, akachuchumaa penye mshono. Alipitisha kidole juu yake, pole pole, kutoka pale ulipoanzia kazi yangu hadi pale ilipoungana na ya baba yake.

"Uzi umeuweka mara mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Na umerudia kila mchomo wa sindano. Kuufumua huu ni kazi ya siku nzima."

"Nilijua ninachoshona."

Alibaki amechuchumaa. Kisha akafuta kisu kwenye suruali, ingawa hakikuwa na uchafu, akakirudisha mfukoni.

"We Redio," akaita. "Shika ncha ile. Acha kununa, uchaguzi mkuu bado."

"Nani amenuna? Mwambie huyo Mhandisi wako aje na dawa, sio na lami."

"Mwambie mwenyewe, kwenye tawi hili sasa ni mgombea wako pia. Shika, jua linazama."

Kulikunja nako kunataka wawili. Walishika kila mtu ncha yake, wakakung'uta vumbi, wakaja wakikaribiana na turubai likipungua kati yao, mpaka mikono ikakutana, na muda wote huo walikuwa wanabishana kuhusu lami. Walibishana wakilipakia mkokotenini. Walibishana wakisukuma, mmoja huku mmoja kule. Mkwe wangu alinisogelea akaniuliza apakue chakula mara ngapi.

"Mara moja," nikamwambia. "Na uweke kingi, wana njaa hao."

Nikafuata nyuma yao na mkoba wangu, sindano ndani, na njia nzima hakuna aliyenituma neno kwa mwenzake.