Mkono wa Safa Hewani

Mkono wa Safa ulikuwa umeganda hewani. Hina ilipanda kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiwiko, ua juu ya ua, na kidole kimoja kiligusa ukingo wa ninga iliyomfunika uso kama mtu anayetaka kuiinua akaghairi. Nyuma yake wanawake walikuwa wameachama kwa vigelegele visivyotoka. Tuliungoja mkono ule ushuke kwenye kioo cha kompyuta, sisi wanne: Safa mwenyewe, mama yake Bi Mwanasaumu, Bi Nasreen mwenye studio, na mimi niliyeshika kipanya kikiteleza kwa jasho.

"Nyamvula mwanangu," Bi Mwanasaumu akaniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "au ni macho yangu?"

"Si macho yako, mama. Ni mashine."

"Basi tuingoje."

Kungoja alikuwa amekuzoea. Mumewe alifariki harusi ya binti yao ikiwa imeshapangwa, na wosia wake ulikuwa isiahirishwe. Kwa hivyo usiku aliopambwa Safa, mama yake alikuwa eda, amekaa ndani kwake Shika Adabu, akiletewa habari kwa simu na mashangazi, kila mmoja akisema lake. Picha hakuletewa hata moja. Simu zilikusanywa mlangoni mwa ukumbi, kama ada, ili wanawake wakae vichwa wazi kwa raha zao. Usiku ule haukubaki popote duniani ila kwenye kamera zetu mbili.

Eda ilikwisha wiki ile ile waliyokuja studio. Na kesho ya siku ile Safa alikuwa anapanda ndege kumfuata mumewe Maskati. Bi Mwanasaumu hakuomba makubwa. Alitaka kukaa ubavuni mwa mwanawe, siku hiyo moja iliyosalia, amwone akipambwa.

Nasi tulikuwa tunamwonyesha mkono.

* * *

Studio yetu iko Timbwani, vyumba viwili tu. Cha mbele Bi Nasreen alikikodisha nusu kwa mpiga picha za pasipoti, kwa hivyo kutwa kina wanaume wanaosubiri fotokopi na vitambulisho. Cha nyuma ni chetu wanawake. Ndiko tunakohariri kanda za kupamba, na ahadi yetu kwa kila familia ni kwamba hakuna mwanamume atakayeziona. Watu walitoka Kisauni, wakavuka feri, wakatuletea mabinti zao kwa sababu ya ahadi hiyo.

Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu ya kompyuta, na ulimi wangu, ambao Bi Nasreen alisema ungenifukuzisha kazi kabla ya kitu kingine. Mitambo niliikuta imeshafungwa na mpwa wake, Sufyan wa Changamwe. Alifanya kazi safi, siwezi kumnyima hilo. Mashine tatu zilishirikiana kuhifadhi kanda zote: mbili mbele, karibu na betri za kusaidia stima ikikatika, na ya tatu nyuma kwetu. Kanda moja hukatwa vipande, vipande vikagawiwa mashine zote tatu, na kila kipande kina pacha wake mahali pengine, ili mashine moja ikifa harusi ya mtu isife nayo. Ukiita picha, vipande huja mbio kutoka kila upande, vikajipanga, nawe huoni kiungo.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Baada ya mfungo wa Ramadhani mambo yakageuka. Picha ilikwenda vizuri kidogo, ikaganda. Ikaenda, ikaganda. Kanda ya kazi ya siku moja ikala wiki. Ukiamuru mashine itoe filamu nzima, inafika katikati inakata tamaa, unaanza upya.

Nikampigia Sufyan.

"Hapa kwangu inasoma mbio, dada," akasema. Alikuwa na njia ya kuingia kwenye mashine zetu usiku akiwa kwake, azipime tu bila kufungua kanda.

"Kwako hatukai."

"Labda mnafungua mambo mengi kwa pamoja."

"Tumefungua kanda moja."

"Basi labda ni kanda yenyewe."

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Nilizipima diski, zote nzima. Niliongeza ukubwa wa vipande, nikaupunguza. Niliishuku mashine ya nyuma kwamba inachechemea na kuwachelewesha wenzake, nikaitoa vumbi, nikaipa feni yake peke yake. Nilibadilisha tundu la waya kwenye swichi. Niliuchomoa waya wenyewe unaounganisha vyumba viwili, nikaweka kipimo huku, nikaenda mbele nikaweka kipimo kule, nikarudi, nikaenda. Taa zote za kijani zikawaka kwa zamu, zikinicheka. Kila nilichokigusa kilikuwa kizima, na vizima vyote vikikutana vinazaa ugonjwa. Nililia siku moja msalani, nikanawa uso, nikarudi.

Sufyan naye alikuja mara mbili. Mwanamume akiingia chumba cha nyuma kuna utaratibu: kanda zote zinafungwa, vioo vinazimwa, tunajifunika, na mlango unawekewa tofali ubaki wazi, asionekane mtu amejifungia na wake za watu. Hata kanda ya kujaribia hakupewa. Alitengeneza faili lake kubwa, tupu, akaliita. Likaja kama upepo. Akaliita tena. Upepo.

"Haina tatizo," akasema, akifunga begi lake. "Mashine hizi zinawajua wenyewe. Zikinusa marashi tu, zinalala."

Mpiga picha za pasipoti akacheka. Nilimwambia Sufyan kwamba zikinusa soksi zake ndipo zinapokimbia, kutafuta hewa. Lakini alipoondoka, mlango ukafungwa, nikaita kanda ya Safa, ikaja hatua tatu ikasimama. Niliona haya kama niliyekamatwa kwa uongo.

Siku mbili kabla ya safari, Sufyan akatoa shauri. Ana rafiki mjini mwenye mashine ya nguvu. Apelekewe kanda, ataitoa filamu kwa saa chache.

"Na akitazama?" Bi Nasreen akauliza.

"Hatatazama, wallahi. Itatazama mashine."

"Na macho yake atayaweka wapi?" nikasema. "Mfukoni?"

Nilijua Bi Nasreen anapima. Mwisho akasema, "Waiteni waje waangalie hapa hapa. Ikigandaganda, watavumilia." Kisha akanigeukia. "Lakini ikiwashinda, Nyamvula, itakwenda mjini. Sitamrudisha mama yule mikono mitupu."

* * *

Mkono ulishuka. Tukaona ninga ikiinuliwa, tukaona kidevu cha Safa, midomo, na ikaganda tena, macho hayajafunuliwa.

"Kwa hivyo hapa ndipo nilipo," Safa akasema, akijaribu kucheka. "Nitafika Maskati mimi hapa bado nusu uso."

Bi Mwanasaumu hakucheka. Alikuwa ameinama mbele na kiganja juu ya goti la mwanawe, na nguo yake ya eda iliyokwisha ilikuwa bado haijapambwa hata kwa kikuba cha asumini. Jasho lilimtiririka shingoni. Chumba kile hakina dirisha la maana, na feni moja niliipa mashine.

"Nifungulieni mlango kidogo nivute pumzi," akasema. "Moyo unanienda."

Tukajifunika. Nikakitupia kioo leso ya Safa, nikaenda mlangoni. Ulikuwa mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu, na chini yake Bi Nasreen alikuwa amepigilia bapa la bati lenye mpira, baada ya Ramadhani, mteja mmoja alipolalamika kwamba vivuli vinaonekana kutoka mbele. Tulizoea kuufunga kwa nyonga na kuufungua kwa mikono miwili. Nikauvuta.

Nyuma yangu, chini ya leso, vigelegele vikapasuka.

Vilikuja vyote kwa pamoja, na ngoma, na sauti ya shangazi mmoja akiimba juu ya wenzake. Vikaendelea. Havikukatika. Bi Nasreen, kwa mazoea ya mwanamke aliyelinda chumba kile miaka mingi, akainuka akausukuma mlango kwa nyonga. Kimya.

Nikaufungua. Vigelegele.

"Nyamvula, kuna watu mbele," akaninong'oneza kwa ukali.

"Ufunge, Bi Nasreen. Tafadhali, mara moja."

Akaufunga. Kimya.

Nikapiga magoti, nikalikunja zulia kwenye kizingiti. Waya wetu, njia pekee ya vipande vya mbele kuja nyuma, ulikuwa umelala chini ya lile bapa la bati, umebanwa bapa kama ulimi wa mbuzi kwenye bucha. Mlango ukifunguka, unapumua. Ukifungwa, unakabwa. Na kila aliyewahi kuupima alikuwa ameufungua mlango kwanza: mimi kwa kwenda na kurudi na vipimo vyangu, Sufyan kwa tofali la heshima, na hata usiku akiwa Changamwe, maana tukienda nyumbani mlango tuliuacha wazi mashine ya nyuma ipate hewa. Ugonjwa ulikuja tulipojifungia tu. Ulikuwa wetu, kama alivyosema Sufyan, na kumpa haki hata nusu kuliniuma.

Waya mwingine wa urefu ule haukuwapo. Wa kuununua ulikuwa ng'ambo ya feri, na nje gari la wajomba lilikuwa limeshaanza kupiga honi, kwani jamaa wa Kongowea walikuwa wakimngoja Safa kumuaga.

Nikaufungua mlango kiasi cha upana wangu, nikasimama katikati, nimewageukia wa mbele. Safa akanipa leso yake ya pili. Nikainyoosha kutoka bawaba hadi kwenye mwimo wa mlango, juu ya kichwa changu, mikono yote miwili. Nikasikia Bi Nasreen akiondoa ile leso nyingine kiooni na kuirudisha kanda mwanzo.

Wanaume wa fotokopi wakanitazama. Sufyan, aliyeitwa aje kwa dharura, alikuwa amekaa kwenye benchi na kompyuta mapajani.

"Inakwenda?" akauliza.

"Inakwenda."

"Si nilikwambia haina tatizo."

"Kaa hapo hapo, Sufyan," nikasema. "Usiinuke, usisogee, na usinitie maneno."

Wiki iliyofuata alitoboa ukuta juu kabisa na kupitisha waya mpya, nami nilimshikia ngazi. Lakini siku ile hapakuwa na ukuta wala ngazi. Palikuwa na kanda inayotembea nyuma ya kisogo changu, mfululizo, kama nilivyoitamani majuma yote yale, na sikuweza kugeuka.

Niliwasikia tu. Nilipajua mahali ninga ilipoinuliwa kwa jinsi Bi Mwanasaumu alivyoshusha pumzi.

"Mbona hapo unatazama pembeni?" akauliza baada ya muda.

"Nilikuwa nautazama mlango," Safa akasema. "Najua ulikuwa eda. Nikautazama tu."

Ngoma ilipigwa ikamalizika, nyingine ikaanza. Gari la wajomba lilipiga honi tena, na hakuna aliyeinuka. Mabega yangu yalikuwa yanawaka moto, na leso ilianza kulegea, nami nikawa ninaikazia macho ile mikono yangu miwili kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nyamvula," Bi Mwanasaumu akaita kutoka nyuma, sauti imelowa.

"Abee, mama."

"Mikono haijachoka?"

"Haijachoka."

"Basi Nasreen, turudishie tena pale alipoinua ninga."